Kipimo cha Ukungu

Kliniki ya Macho, ghorofa ya pili
Jumapili, saa nane mchana

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeitanguliza mapema maana nakujua, ungefunga safari kuja kunidai kama ningeisahau. Mimi huku ni mzima, ukiacha mafua yaliyonishika wiki iliyopita yakaniachia sauti ya chura. Wewe hujambo? Wifi hajambo? Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kukaa dirishani, au mkubwa sasa ameanza kuona aibu? Waambie shangazi yao anawakumbuka. Yule mdogo mwambie mchezo wake wa kunipigia na kukata ili nimpigie mimi nimeshaugundua, na nampigia hivyo hivyo kwa sababu ya kumpenda, si kwa ujinga.

Nikikuuliza hali, kaka, leo nauliza kwa dhati, si kwa mazoea ya barua. Ningependa uisome hii ukiwa umekaa, peke yako, brashi umeziweka kwenye kopo lake. Najua utashangaa mtu mwenye simu mbili anaandika kwa kalamu kama karani wa zamani. Mwezi huu nimekupigia mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa na neno mdomoni, na mara zote nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Nawe, Mungu akubariki, ukanieleza habari za mvua kwa kirefu, wingu moja moja. Karatasi hainichekeshi wala hainikatizi. Labda kwa karatasi nitafika.

Nianze na kazi, maana huko ndiko jambo lenyewe lilikotokea. Wifi aliniambia unawaambia wateja wako kwamba mdogo wako anatengeneza kompyuta za macho. Hujakosea sana. Kile chumba chenye pazia zito jeusi unakikumbuka. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kile kiegemeo, taa inamulika mara moja, na kamera inapiga picha ya ukuta wa ndani kabisa wa jicho. Picha inatoka duara la rangi ya chungwa, na mishipa ya damu imetambaa juu yake kama matawi ya mti uliopukutisha majani. Kwa siku tunapiga picha mia na ushee. Daktari wa kuzisoma ni mmoja, yule mama uliyemwona, ambaye hospitali nzima humwita Mama Tochi kwa kuwa tochi haitoki mfukoni mwake hata akienda kula. Mimi niliajiriwa ili programu yangu izipitie picha kwanza, itafute kingo, yaani pale kitu kimoja kinapoishia na kingine kuanzia: ukingo wa mshipa, ukingo wa doa. Picha yenye madoa itangulizwe mbele ya daktari, iliyo safi isubiri.

Ukisikia hivyo utasema kazi gani hiyo, si kila mtu anaona mshipa ulipo? Nami nilidhani hivyo. Siku ya kwanza niliiambia kompyuta inichoree kila mahali rangi inapobadilika ghafla. Ilinitii, na hapo ndipo nilipojua kwamba utii nao unaweza kuwa balaa. Ilichora mishipa, ikachora na vumbi, ikachora kila punje ya rangi, skrini nzima ikawa chengachenga kama televisheni isiyo na antena. Mishipa ilikuwemo humo humo, ila ungeitafuta kama sindano kwenye marobota ya pamba.

Dawa yake ni ukungu. Usicheke, ndivyo ilivyo. Kabla ya kutafuta kingo, unaitia picha ukungu kidogo, kila nukta inachanganywa na jirani zake, kama mtu anayetazama kupitia kioo alichokipulizia pumzi. Vumbi linapotea, mishipa inabaki. Ukizidisha ukungu, vinapotea na vitu vingine. Kwa hiyo swali zima la kazi yangu lilikuwa moja: ukungu kiasi gani? Ukiwa kidogo mno, unaona kila kitu na huoni chochote. Ukiwa mwingi mno, unaona picha nzuri ya kitu ambacho hakipo.

Nilijaribu kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilipofika cha tano, picha zilitoka safi kama uwanja uliofagiwa. Mishipa mikubwa imesimama wima, hakuna chenga hata moja. Meneja alipita, akainama juu ya bega langu, akasema hiyo sasa ndiyo kazi. Nikachapisha mbili tatu, zikabandikwa pale mapokezi, watu wakawa wananipongeza kwenye ngazi. Kaka, sifa ni tamu. Nikakifunga kipimo pale pale kwenye tano na kukitumia kwa kila jicho lililoingia mlangoni.

Ni siku hizo ndipo ulipokuja kutuchorea lile jina la kliniki ukutani. Najua unazikumbuka zile siku nne kwa ajili ya ule ukuta wenye nundu uliokutoa jasho. Mimi nazikumbuka kwa sababu nyingine. Siku ya tatu, wakati unasubiri rangi ikauke, nilikuita ndani nikakukalisha kwenye kiti cha kamera. Ulikataa kwanza, ukasema jicho la mchora mabango halipigwi picha bure, kisha ukakaa, ukacheka taa ilipowaka, ikabidi nirudie mara mbili. Nilizipitisha picha kwenye programu yangu. Zikatoka safi. Nikakwambia kwa kujigamba, mbele ya wauguzi, kwamba una macho ya tai na utachora mpaka uwe na wajukuu. Ukaomba uchapishiwe. Nikakuchapishia ya jicho la kushoto, ukaondoka nayo umeikunja ndani ya gazeti isichubuke, na wifi akaniambia baadaye umeitundika karakanani, juu ya meza ya rangi, na kila mteja anaonyeshwa.

Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka alikuja mama mmoja fundi cherehani. Shida yake ilikuwa ndogo ukiisikia: alisema siku hizi uzi unakataa kuingia kwenye sindano. Programu yangu ikaitazama picha yake ikasema safi, ikamweka mkiani mwa foleni. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi watu wanafunga mabegi yao, akiwapisha wengine, anashona pindo la kanga yake ili mikono isikae bure. Alipoingia kwa Mama Tochi, daktari alimtazama kwa macho yake mwenyewe, kwa tochi yake na kioo chake. Kisha akaja chumbani kwangu. Hakubisha hodi.

Aliweka picha mbili mezani kwangu, ile ya kamera na ile iliyotoka kwenye programu. Kwenye ya kamera, alinionyesha kwa ncha ya kalamu, kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo kama alama za nukta mwishoni mwa sentensi, na karibu yake vijipande vya njano. Kwenye yangu hapakuwa na kitu. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Hivi vidogo umevipeleka wapi?" Nikamweleza habari za ukungu, kwamba kwenye kipimo cha tano vitu vyenye ukubwa ule hufutika. Akaniuliza nilikichaguaje kipimo cha tano. Kaka, nilikuwa na maneno mengi ya kisomi ya kumjibu, lakini aliyejibu ni yule mtoto uliyemlea. Nikasema ni kwa sababu picha zilikuwa zinapendeza.

"Zilikuwa zinapendeza," alirudia, mara moja tu, akachukua picha zake akatoka. Angenifokea ningelala vizuri zaidi.

Yule fundi cherehani alitibiwa, usihofu, na wiki mbili zilizopita alipita hapa kumsalimu daktari. Lakini tangu siku ile nilitoa picha zangu pale mapokezi mimi mwenyewe, nikaanza upya.

Siku za mwanzo nilifanya kosa la pili, la kutafuta kipimo kimoja kilicho bora kuliko tano. Nilijaribu mbili: vidoa vikaonekana lakini na chenga zikarudi, na mishipa mikubwa ikatoka imekatikakatika kama njia ya panya. Nilijaribu tatu: nusu shari, nusu heri. Kila nilikogusa, nilipata hapa nikapoteza pale. Nilikuwa nimechoka mpaka nikawa namjibu vibaya mpika chai.

Aliyenitoa hapo ni wewe, na hujui. Nilikuwa nimetoka nje kupunga upepo, nikakaa kwenye ukingo wa bustani nautazama ule ukuta wako. Nikakumbuka ulivyokuwa unauchora. Unabandika pua kwenye herufi, unapiga brashi tatu, unashuka ngazi, unarudi nyuma hatua ishirini, unafinya macho, unapanda tena. Nilikuuliza siku ile kwa nini usichague mahali pazuri pa kutazamia ukatulia hapo. Ukanijibu kama mtu anayejibu swali la kitoto, kwamba jina la kliniki linasomwa na mtu aliye mbali, saa za kufungua zinasomwa na mtu aliye mlangoni, na ukichagua umbali mmoja tu umemwandikia mtu mmoja tu. Kila herufi ina umbali wake wa kuitazama.

Nilinyanyuka pale nikapanda ngazi mbili mbili. Sikuhitaji kuchagua kipimo kimoja cha picha nzima. Nilihitaji kuipitisha kila picha kwenye ngazi zote za ukungu, kuanzia ya kwanza hadi ya nane, halafu katika kila sehemu ya jicho niulize: hapa, ukingo huu unajitokeza kwa nguvu zaidi kwenye ngazi ipi? Mshipa mnene utajibu kwenye ngazi ya tano, kidoa kitajibu kwenye ya pili, na kila mmoja atahesabiwa kwa ngazi yake. Palikuwa na mtego, maana ukungu ukizidi kingo zote hufifia, kwa hiyo ukizishindanisha hivi hivi, ngazi ya chini ndiyo itakayoshinda kila mara na utarudi kwenye chengachenga. Ikabidi kila ngazi niipe fidia yake, kwa kadiri ya ukungu ilionao, ili mkubwa na mdogo washindane kwa haki. Na jambo moja zaidi, ambalo nakuomba ulishike kwa sababu nitalirudia: chenga hufa mapema. Kitu ambacho si kitu kinaonekana kwenye ngazi ya kwanza, ukipanda moja tu hakipo. Kitu cha kweli, hata kiwe kidogo, kinastahimili ngazi kadhaa mahali pake pale pale.

Ilinichukua majuma saba. Mama Tochi alinipa picha sitini alizozisoma yeye mwenyewe kwa mkono, nikazilinganisha. Safari hii hakuna doa lake hata moja lililonipita. Alizitazama zote, moja baada ya moja, akazima tochi yake, akasema nizipitishe upya picha zote za nyuma, kuanzia siku ya kwanza ya kamera, ili tuwaite watu ambao kipimo changu cha tano kiliwarudisha nyumbani na moyo mweupe. Picha elfu tisa na mia mbili. Niliikubali ile kazi kwa furaha, nakuapia. Niliona kama ninafua nguo niliyoichafua mwenyewe.

Sasa, kaka, umefika mahali ambapo mimi nimekuwa nikikuuliza habari za mvua.

Picha zako zilikuwemo. Kwenye daftari la kamera zimeandikwa jaribio, hazina jina, lakini nazijua. Ya kulia ilipita, ina kitu kimoja tu cha kutiliwa shaka. Ya kushoto, ile uliyoitundika karakanani, programu iliitoa ikaiweka juu kabisa ya foleni. Ina vidoa saba vyekundu, vidogo, na kijipande kimoja cha njano chenye ukingo mkali. Vimekaa pembeni mwa sehemu ya katikati ambayo ndiyo ya kusomea na kuchorea. Katikati yenyewe bado ni salama. Nakuandikia hilo mara mbili ulisome mara mbili: katikati bado ni salama.

Cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nikasema hili ni vumbi. Wewe ulikuwa na vumbi la msasa hadi kwenye nyusi siku ile, na kioo cha kamera huenda kilikuwa hakijafutwa. Lakini vumbi la kioo haliondoki lenyewe, linakaa pale pale kwa kila mtu anayepigwa. Nikatazama picha ya mgonjwa aliyekutangulia na ya aliyekufuata. Hazikuwa na kitu mahali pale. Nikasema basi ni chenga. Nikapandisha ukungu ngazi ya pili: vidoa saba. Ngazi ya tatu: vidoa saba. Ngazi ya nne ndipo vikaanza kuyeyuka, pole pole, kama vitu vya kweli vinavyofanya. Nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho kazi yake ni kunizuia nisijidanganye, na kilikuwa kinaifanya kazi hiyo barabara.

Na nikaanza kukumbuka yale niliyoyaona kwa macho yangu mwenyewe nikayapita. Jagi la maji ulilokuwa unalimaliza kabla ya chakula kufika mezani, nami nikakuita ngamia. Ulivyokuwa unaamka kwenda msalani mara tatu, na asubuhi ukanilaumu kuwa mlango wangu unapiga kelele. Mkanda wako uliotoboa tundu jipya kwa msumari. Nikakwambia kupungua kumekupendeza. Naona hilo neno ndilo ugonjwa wangu mimi.

Haya ni maungamo, kwa hiyo niyamalize. Ile picha sikuipeleka kwa daktari. Niliitoa kwenye orodha, nikaihamishia kwenye folda yangu binafsi, na ili mtu akiiona asiifungue nikaipa jina la "mvua". Wengine wote, kaka, watu mia moja na kumi na wawili ambao siwajui, niliwapeleka kwa Mama Tochi siku ile ile, wakapigiwa simu, wengi wameshakuja. Wewe peke yako nilikuficha. Wewe, na si mwingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila sikumbuki kama walimsemea chochote anayeficha maradhi ya mwenzake. Nilikuficha siku kumi na tisa. Kila asubuhi nilisema leo nitampigia, nikakupigia mara tatu, na mara tatu hizo unazijua.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Ningeweza kusema niliogopa kukutia hofu, lakini huo ungekuwa ukungu mwingine. Niliogopa kwa ajili yangu. Baba alipofariki uliacha shule ukiwa na miaka kumi na saba, ukashika brashi, nikasoma mimi. Kila kitu nilicho nacho kimetoka kwenye macho hayo na mkono huo. Halafu mimi, msomi wa macho, nikayatazama kupitia mashine yangu nikasema ni mazima, nikakupa na picha ya kutundika. Nilikuwa siwezi kuvumilia kukwambia kwamba picha unayowaonyesha watu ni ya uongo, na kwamba mwongo ni mimi, Sisimizi wako.

Ijumaa nilishindwa. Mama Tochi alikuwa anakunywa chai, nikaingia nikafunga mlango, nikamwekea picha mbele yake nikamwambia ni ya kaka yangu na kwamba nimekaa nayo siku kumi na tisa. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliniambia kwanza kwamba nilipaswa kumletea siku ile ile, na alilisema hilo kwa ukali, nikalipokea. Halafu akavuta kiti nikae. Akaniambia hii dalili mara nyingi huletwa na sukari kupanda kwenye damu bila mwenyewe kujua, pengine kwa miaka, na wakati mwingine shinikizo la damu nalo limo. Hawezi kuapa mpaka upimwe damu na upigwe picha upya. Kama ni kisukari, akasema, tumekikuta mapema kwenye jicho, wakati bado kuna mengi ya kufanya, na watu wengi wa hatua hii huendelea kuona vizuri wakifuata matibabu. Lakini si jambo la kungoja mwezi ujao.

Kisha akaniuliza wewe ni mtu wa namna gani, ni mbishi? Nikamwambia ni mtu ambaye alishawahi kupaka ukuta mzima chokaa upya kwa sababu herufi moja ilikuwa imeinama kidogo, na mwenye duka alikuwa ameshamwambia haidhuru. Mama Tochi akasema vizuri sana, watu wa hivyo ndio wanaomeza dawa kwa saa zake. Nikalia pale pale, kaka, juu ya sahani yake ya maandazi. Akanisogezea kikombe chake cha chai akaendelea kusoma picha zake kana kwamba sipo, na huo ulikuwa wema mkubwa.

Kwa hiyo sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba asubuhi itakayofuata baada ya kuisoma hii, kabla ya kula chochote, uende zahanati yoyote iliyo karibu upimwe sukari na shinikizo la damu, uwaambie na habari za kiu. La pili, Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako kwa basi la kwanza, na tutarudi pamoja huku jioni. Jumatatu saa mbili una miadi na Mama Tochi, ameiandika mwenyewe. Kazi ya ukuta wa shule najua umeahidi. Ukuta hauna miguu, utakungoja.

Wifi sijamwambia. Nilinyanyua simu nikaiweka, nikaona habari hii ni yako na mdomo wa kuisema ni wako. Ila mwambie kabla ya Jumamosi, tafadhali, maana nikifika nitamkumbatia na atajua papo hapo. Watoto unaweza kuwaambia unakuja kutembea.

Kama utanikasirikia, una haki, tena haki kubwa. Sitajitetea. Nikasirikie kwa muda wote unaotaka, mwaka mzima ukipenda, lakini nikasirikie huku begi lako limefungwa.

Wasalimie wote wa nyumbani, na jirani yako yule fundi redio mwambie nimepata ile waya aliyoniagiza. Wifi mpe mkono wangu. Wanangu wabusu kila mmoja kwenye paji la uso, mkubwa hata kama atakimbia. Nawe nakuombea usingizi mwema usiku wa leo, kwa maana mimi nitaupata baada ya kuitia hii kwenye bahasha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, asiye na mwingine,

Sisimizi

Nimesahau kukwambia: Jumatatu watakutia matone ya kupanua mboni. Mchana kutwa mwanga utakuumiza na utaona kila kitu kimevurugika. Usishtuke, yanaisha yenyewe kabla ya jioni. Nimeomba ruhusa siku nzima. Tutatembea taratibu hadi nyumbani, na kwenye barabara nitakushika mkono.